Mzungu wa Tatu

Lexus ya kijivu ilihama njia ghafla bila kuwasha indiketa.

Kanana Mbaabu alikanyaga mafuta. Camry yake ilipenya katikati ya malori mawili na kutokea upande wa pili, magari matatu nyuma ya Lexus. Saa nne na dakika arobaini asubuhi, Ijumaa, Aprili 2005. Barabara ya 190, Marekani, kutoka Carrollton kuelekea Plano.

Ndani ya Lexus alikuwamo mzungu mmoja. Miaka hamsini hivi, upara, tai ya kipepeo. Kwenye kiti cha pembeni yake kulikuwa na kasha jeusi alilotoka nalo hotelini dakika ishirini zilizopita.

Motorola ilitetemeka juu ya dashibodi.

"Ongea," alisema Kanana.

"Uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Onyancha, mkuu wake, kutoka Nairobi.

"190. Nime-tail mzungu."

"Una hakika ni yeye?"

"Nilihesabu mwenyewe, mkubwa. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Huyu ndiye wa tatu."

"Usim-lose. Meli inaondoka leo usiku."

"Simpotezi."

Akakata.

Majirani zake kule Missouri City, kando ya Houston, walimjua Kanana kama nesi wa Kimeru anayezunguka majumbani kuogesha wazee na kuwapa dawa. Hawakukosea. Wazee aliwaogesha kweli, na kwa upole. Ila chini ya ile sare ya buluu alivaa pia Glock 19, na mshahara wake wa pili ulitoka Kitengo cha Tisa, ofisi isiyo na kibao mlangoni katika mtaa mmoja wa Nairobi.

Kazi yake ilikuwa na jina moja tu: Fulgence.

Fulgence alijiita Kanali. Alikuwa mtu wa Bukavu aliyeingia Marekani kwa karatasi za marehemu. Alinunua magari makuukuu, akayapakia kwenye makontena katika ghala lake la Mesquite, akayapeleka kwenye yadi yake ya Houston, na kutoka hapo baharini hadi Mombasa. Milango ya magari hayo ilikuwa mizito kuliko kawaida. Ndani yake mlikuwa na bunduki. Kutoka Mombasa zilipanda hadi Ziwa Tanganyika, zikavuka, zikaingia mikononi mwa vijana wake, na baada ya hapo vijiji vya Fizi, ng'ambo ya ziwa, vilihesabu maiti.

Safari hii lilikuwa kontena moja kubwa kuliko yote. Bandari ya Houston ina maelfu ya makontena. Bila namba, hakuna Mmarekani ambaye angefungua hata moja.

Mtu mmoja aliijua namba hiyo na alikuwa tayari kuitoa. Jina lake Émile. Alikuwa mpakiaji katika ghala la Mesquite, na mama yake mzazi alikuwa bado anaishi Fizi, katika kijiji cha kwanza kwenye njia ya zile bunduki.

Émile alikuwa pia mchoraji wa karata. Si karata za kuchezea vibarazani. Hizi zilikuwa karata za kuchorwa kwa mkono, moja moja, kwa ajili ya watu wanaozikusanya. Wapo watu wa namna hiyo, usicheke. Wanavaa glavu nyeupe kuzishika, wananunua karata ambazo hawatazicheza mpaka wafe. Ijumaa ile walikutana katika hoteli moja ya Carrollton, na Émile alikuwa na meza yake pale ukumbini.

Saa nne kasoro dakika kumi alimpigia Kanana kutoka chooni.

"Dada, wananichunga. Usikuje kunisemesha. Namba siisemi kwa simu, watasikia. Mzungu wa tatu ndiye iko na namba. Umchukue mzungu wa tatu, uende naye. Mara moja."

Simu ikakatika.

Kanana alikuwa amesimama hatua tano kutoka meza ile, kijitabu cha maonyesho mkononi. Akahesabu. Mzungu wa kwanza alikuja, akatazama, akaondoka. Wa pili, mwanamume mwenye fimbo, akapiga picha. Wa tatu alizungumza na Émile kwa muda mrefu, akainama, akanyoosha kidole, akatikisa kichwa, kisha akaondoka haraka na kasha jeusi kwapani.

Kanana akamfuata.

Lexus iliingia Plano na kusimama mbele ya kliniki ndogo. Kanana alikuwa mlangoni kwake kabla mtu huyo hajavua mkanda. Alimwonyesha kitambulisho cha bandia chenye nembo kubwa ya ndege tai, akamwambia kwa Kiingereza chake cha hospitalini afungue kasha.

Mzungu alifungua. Pakiti sita za karata, zote zimefungwa kwa plastiki. Kanana alizikata kwa kisu kidogo, moja baada ya nyingine.

"Tafadhali," alilalamika mzungu. "Zikifunguliwa tu basi, zimeharibika!"

Kanana alipekua mpaka karata ya mwisho. Hakuna namba, hakuna karatasi, hakuna filamu. Kulikuwa na picha za paka waliovaa kofia.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Daktari wa meno."

"Yule Mwafrika amekupa nini?"

"Hakunipa kitu! Nilitaka karata yake moja. Ilisimama peke yake pembeni mwa meza. Nzuri ajabu. Alikataa kuniuzia. Alisema ina mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani anakuja kuichukua."

Kanana hakujua bado kosa lake ni nini, ila alijua kwamba amekosea. Alirudi kwenye Camry akikimbia.

Saa tano u nusu alikuwa hotelini. Meza ya Émile ilikuwa tupu.

Mlinzi wa ukumbi alikuwa Mkenya, Njoroge, mwanafunzi wa usiku na bawabu wa mchana. Alimtambua mwenzake kwa sura kabla hajafungua mdomo.

"Sister, unatafuta yule msee wa karata?"

"Ako wapi?"

"Walikuja wasee wawili na pickup white. Wakamwambia boss anamtaka job. Na nilikuwa nimemshow mapema, bro, si uende lunch? Akakataa kutoka kwa hiyo table. Ati kuna customer anakuja kuchukua card moja. Alikaa hapo kama saa nzima. Hata choo hakuenda tena."

"Card zake ziko wapi?"

"Nilizikusanya zote nikaweka kwa box. Alini-beg nizichunge. Unamjua?"

"Ni ndugu yangu," alisema Kanana, akachukua sanduku.

Pikapu nyeupe. Kazini kwao. Maana yake Mesquite.

Aliendesha kama mwendawazimu na bado hakuwahi. Ghala la Fulgence lilikuwa limefungwa mbele, lori limeshaondoka. Alizunguka nyuma, Glock mkononi, akipita kando ya mapipa ya takataka.

Émile alikuwa pale.

Nesi hahitaji kushika mshipa ili ajue. Alipiga magoti hata hivyo, akaushika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa, kimoja kwanza, cha pili baadaye, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimevimba zaidi. Walimuuliza swali, wakangoja jibu, wakamuuliza tena. Hakujibu. Kama angejibu, cha pili wasingekivunja.

Kanana alimfumba macho. Alipiga simu polisi kutoka kibanda cha barabarani, akataja mahali, hakutaja jina. Halafu akampigia Onyancha.

"Émile amekufa, mkubwa."

"Na namba?"

"Sina."

"Mzungu je?"

"Ni daktari wa meno."

"Kanana." Onyancha alishusha pumzi. "Lori linatoka kwa yadi ya Houston saa kumi na mbili jioni. Hapo ulipo ni saa ngapi?"

"Saa saba kasoro."

"Basi usilie sasa."

Hakuwa analia. Lakini alishukuru kuambiwa.

Mke wa Émile aliitwa Clothilde. Alikuwa msafishaji katika nyumba ya wazee, na Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alifungua mlango wa nyumba yao, hapo hapo Mesquite, ghorofa ya pili, mikono ikiwa na unga wa fufu, ule ugali wa muhogo. Aliona sare ya nesi, akatabasamu.

"Karibu, dada yangu. Uko natafuta nani, ma sœur?"

Kanana alimwambia. Alimwambia akiwa amesimama, kwa maneno machache, kwa sababu habari ya namna ile haina mlango wa pembeni wa kuingilia. Clothilde hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, palepale, akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa nasonga fufu yake," alisema. "Aliniambia, wakichukua tu ile karata, mi natoka na mlango wa nyuma, nakuja kula."

Kuna kazi chafu kuliko kuua, nayo ni kumhoji mjane ambaye bado ana unga mikononi. Kanana aliifanya.

"Mama, nisamehe sana. Lazima nikuulize. Alinipigia simu asubuhi, akasema mzungu wa tatu ndiye ana namba. Huyo mzungu ni nani?"

Clothilde aliinua uso.

"Mzungu gani?"

"Wa tatu. Nilimfuata mpaka Plano. Hakuwa na kitu."

"Ulifuata mzungu?" Clothilde alimtazama kwa muda mrefu, kana kwamba hakuelewa lugha. "Ma sœur. Juu ya nini unafuata mzungu? Leta zile karata."

Alifuta mikono kwenye kitenge. Alifungua sanduku, akazipanga karata sakafuni, bila haraka, kama mtu aliyezipanga mara nyingi.

"Huyu mwanamuke ni mzungu wa pili. Hii sura ni yangu, alinichora mimi nikiuza ndakala, zile dagaa za ziwa. Huyu mfalme ni mzungu wa nne. Na huyu kijana wa kubeba mizigo, voilà, huyu ndiye mzungu wa tatu. Kule Kigoma, kambi ya wakimbizi, tulikuwa tunacheza na askari moja wa Tanga, mzee. Ye ndiye alitufundisha kusema vile. Ni Kiswahili, hapana? Kwenu Kenya hamusemi vile?"

"Kwetu tunasema J," alisema Kanana.

Majuto ni mjukuu, na wa Kanana alikuwa amekwisha zaliwa, amekaa hapo sakafuni kati yao. Wote watatu, yeye na Émile na yule askari wa Tanga, walikuwa wakisema Kiswahili. Alikuwa amesimama hatua tano kutoka karata ile. Aliiona kabisa, imeegemezwa peke yake pembeni mwa meza, imewekwa kwa ajili yake. Angenyoosha tu mkono.

Karata za kijana zilikuwa nne, na kila kijana alibeba sanduku kichwani. Clothilde aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Kopa, hakuna. Uru, hakuna. Pau, hakuna.

"Shupaza," alisema.

Mzungu wa tatu wa shupaza alikuwa kuli mwembamba mwenye shingo iliyokaza. Kwenye sanduku lake, katikati ya mistari ya mbao, herufi nne na tarakimu saba ziliandikwa kwa wino, ndogo kama mayai ya chawa.

"Chukua," alisema Clothilde. "Uende. Mama yake iko kule."

Saa nane kamili Kanana alikuwa barabara ya I-45, anaelekea kusini. Alimsomea Onyancha namba akiwa mwendo wa maili tisini.

"Nimeandika," alisema Onyancha. Alirudi hewani baada ya saa nzima. "Wa-customs wa Houston wamekubali. Lakini wanataka kumshika Fulgence na kontena pamoja, kwa yadi yake, karatasi akiwa nazo mkononi. Likishafika bandarini, lawyer wake atasema halijui. Shida ni hii. Lori linatoka saa kumi na mbili. Wao watafika saa kumi na mbili na nusu."

"Nusu saa."

"Nusu saa. Itafute."

"Naruhusiwa kumpiga risasi?"

"Hapana."

"Sawa."

Alifika saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Yadi ilikuwa na geti moja tu. Ndani, lori jekundu lilikuwa limewasha injini, kontena mgongoni, pua ikitazama nje. Kanana aliitazama namba kwa darubini yake ndogo. Herufi nne. Tarakimu saba. Ndilo.

Aliingiza Camry katikati ya geti na kuizima. Akachomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, akaitia mfukoni. Akafumua nywele kidogo, akashuka, akafungua boneti, akaanza kuitazama injini kwa macho ya mtu asiyejua tofauti ya betri na biskuti.

Lori lilipiga honi. Fulgence mwenyewe alitoka ofisini, karatasi mkononi. Mrefu, suti ya krimu, viatu vyenye ncha.

"Mama! Toa hii motokari! Camion inapita!"

"Pole sana, ndugu yangu." Kanana alishika kiuno. "Imezima tu. Nimetoka shift, sijalala tangu jana. Wewe unajua mambo ya magari?"

Hapo alimkamata. Mtu anayeuza magari hawezi kumwambia mwanamke kwamba hajui magari. Fulgence alivua koti.

"Ni batterie," alisema.

Zililetwa nyaya. Walihangaika nazo dakika kumi. Injini ilizunguka, haikushika.

"Si batterie," alisema Kanana kwa masikitiko.

"Basi ni plugs."

Dakika saba nyingine. Dereva wa lori aliteremka, akasema waisukume. Walisukuma, Kanana akiwa kwenye usukani, mguu wake umelala juu ya breki. Fulgence alitoka jasho mpaka shati likagandamana na mgongo. Saa kumi na mbili na dakika ishirini na moja.

"Umeweka breki!" alifoka. "Shuka! Nipishe nione."

Kanana alishuka. Fulgence aliingiza kichwa na mkono wa kulia ndani ya gari ili aguse gia.

Akasimama hivyo hivyo.

Karata ilikuwa juu ya kiti cha abiria. Kanana alikuwa ameiacha pale wakati alipokuwa akimsomea Onyancha namba, na kwa haraka zake hakuifunika. Ilikuwa mara ya pili siku ile kukosea kwa karata hiyohiyo.

"Hii karata," alisema Fulgence polepole, "ni ya nani?"

Mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari kiunoni.

"Ya Émile."

Kanana alitupa uzito wake wote kwenye mlango. Mlango ulimbana Fulgence begani na mkononi, na mfupa ukalia. Bastola yake ilianguka kwenye lami. Kanana aliipiga teke chini ya lori, na Glock ikawa imeshatulia nyuma ya sikio la Kanali.

"Wewe dereva! Lala chini."

Dereva alilala bila kubishana.

Kanana alitaka kumuua Kanali. Tusidanganyane, alitaka sana, na kidole kilikuwa mahali pake. Mtu huyu aliagiza vidole vivunjwe, na sasa alikuwa akilia kwa sababu ya mkono mmoja, akimwita mama yake. Kanana alimfikiria mama mwingine, kule Fizi, ambaye hakujua kitu. Alitoa bendeji mfukoni, akamfunga Fulgence mikono nyuma, fundo la hospitalini ambalo halilegei, akamkalisha mbele ya kontena lake na karatasi zake mapajani.

Karata aliichomeka kwenye komeo la kontena, namba chini ya namba.

Akarudisha fyuzi. Camry iliwaka mara moja.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja, Suburban nne nyeusi ziliingia getini. Walimkuta Fulgence. Nesi hawakumkuta.

Onyancha alipiga simu kabla ya saa mbili. "Bunduki mia tatu na kumi na mbili. Meli imeenda bila hilo kontena. Umefanya vizuri."

Kanana aliigeuza Camry, akashika tena I-45.

Jumamosi asubuhi alikuwa tena Mesquite. Hakuna aliyemtuma. Ngazi zilijaa viatu, na ndani wamama wa kanisa walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini. Clothilde alitoka nje, akavuta mlango nyuma yake. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Wamelikamata," alisema Kanana. "Lote. Na yeye pia."

"Ni vizuri." Clothilde aliegemea ukuta. "Mama yake alipiga simu alfajiri kutoka Fizi. Wako wazima wote. Akaniuliza, Émile iko wapi, mbona hasemi na mimi? Nikamwambia iko kazini."

Ndani, wimbo uliisha, ukaanza mwingine.

"Ma sœur, nikuulize kitu moja. Yule askari wa hoteli alikuja jana jioni, akasema Émile alikuwa anangoja mtu wa kuchukua karata moja. Ule mtu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kama ungeichukua asubuhi ile, angetoka?"

Kudanganya ndiyo kazi ya Kanana. Alikuwa amedanganya kwa lugha nne, mbele ya mahakimu na mbele ya mapadri, na hakuwahi kukosa usingizi. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mwepesi, wenye huruma.

"Ndiyo," alisema. "Angetoka. Angekuja kula."

Clothilde aliitikia kwa kichwa, mara moja.

"Asante kwa kunisemea kweli," alisema. "Sasa uende. Usirudi tena hapa."

Kanana alishuka ngazi, akipita katikati ya viatu vya watu. Hakugeuka. Simu ilitetemeka alipofika kwenye gari.

"Niambie hukwenda kwa huyo mjane," alisema Onyancha.

"Nimetoka huko sasa hivi."

"Umemwambia nini?"

"Kilichotokea."

"Na nani alikuruhusu?"

"Hakuna," alisema Kanana. Akakata simu, akavaa miwani ya jua, akaiondoa Camry polepole kwenye maegesho na kushika barabara ya Houston.